Sheria inataka watu saba tu! Mwezi wa 14 huu shangazi yangu anazungushwa kusajili chama cha kulisha wazee kijijini Gujarat

Wakuu, heshima zenu. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, asili yetu Gujarat, India. Babu alivuka bahari kwa jahazi akiwa kijana, akauza vitambaa Tanga miaka na miaka, uzeeni akarudi kijijini kwao na huko ndiko alikofia. Shangazi yangu, dada yake baba, naye kazaliwa Tanga. Aliolewa Gujarat miaka ya sabini, akachukua uraia wa huko, na alipofiwa na mumewe akarudi kukaa kwenye nyumba ya babu. Ana miaka 67. Kiswahili chake mpaka leo ni kile kile cha Tanga, na akiudhiwa haongei Kigujarati, anaongea Kiswahili. Wilaya naiacha kapuni, maana bado anawahitaji hao hao watu wa ofisini.

Kijiji chenyewe kimebaki cha wazee. Watoto wako Nairobi, Leicester, Toronto, Muscat. Utakuta nyumba ya ghorofa, sakafu marumaru, geti la chuma, ndani kuna bibi mmoja anakunywa chai na rotlo la jana asubuhi na jioni kwa kuwa magoti hayamruhusu kusimama jikoni. Rotlo ni mkate wao wa mtama, unakandwa kwa mkono, una kazi nzito. Pesa anatumiwa. Mtu wa kumpikia hana.

Shangazi alianza na vikongwe wawili wa jirani. Akipika chake anaongeza, anawapelekea. Wakawa watano, wakawa kumi, leo wamefika 22. Watu wakaanza kuleta unga, mwingine dengu, fundi cherehani mmoja akajitolea kuzungusha hotpoti kwa pikipiki yake kila saa sita mchana. Chakula cha mzee mmoja ni kama rupia 40, kwa hiyo wazee 22 ni rupia 880 kwa siku. Hakuna mshahara, hakuna posho. Mwalimu mstaafu wa pale kijijini ndiye aliyesema: mama, jambo hili limeshakuwa kubwa, tulisajili, lisije likafa siku ukiugua. Akakaa na daftari akaandika kanuni za chama kwa mkono wake, kurasa 11.

Mzizi wa sheria ya vyama kule ni ya mwaka 1860. Waingereza waliitunga miaka mitatu tu baada ya yale maasi ya Wahindi dhidi yao ya 1857, kwa ajili ya vyama vya fasihi, sayansi na hisani. Nimeisoma yote, ni fupi. Kifungu cha kwanza: watu saba au zaidi. Unaandika hati yenye jina la chama, madhumuni yake, na majina, anwani na kazi za viongozi. Unaambatanisha kanuni zilizothibitishwa na viongozi wasiopungua watatu. Ada, kwa maneno ya mwaka 1860, rupia 50 au pungufu yake. Kwisha. Mkoloni, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwapenda watu wa vijijini, aliandika jambo ambalo mwanakijiji anaweza kulimaliza kwa siku mbili.

Yaliyopandishwa juu yake ndiyo yanayoua. Usajili wa vyama ni mambo ya majimbo, kila jimbo na lake: Karnataka wana sheria yao ya 1960, Tamil Nadu ya 1975, Uttar Pradesh cheti kina umri wa miaka mitano halafu ukahuishe. Gujarat, kama Maharashtra, walirithi Sheria ya Amana za Umma ya Bombay ya 1950 (amana hapa ni trust, mali inayoshikwa kwa manufaa ya watu), kwa hiyo chama cha hisani kinasajiliwa kwa ile ya 1860 na kinaandikishwa tena kama amana ya umma kwa hii ya 1950. Milango miwili kwa chama kimoja cha kupika dengu. Na ukishaingia, kila akibadilika kiongozi una siku 90 za kupeleka taarifa ya mabadiliko.

Haya, sasa njooni kwenye vituko.

Safari ya kwanza walirudishwa kwa sababu ya majina. Kule mwanamke akiitwa kwa heshima anaongezewa "ben" mwishoni, maana yake dada. Sasa kadi ya Aadhaar (kama NIDA yetu) imeandika jina na ben, kadi ya PAN, ambayo ni kama TIN, imeandika bila ben, kadi ya mgao wa chakula imetenganisha ben ikawa neno la peke yake. Wanawake watatu kati ya wale saba walikuwa na tatizo hilo. Karani akasema hao si watu watatu, hao ni watu tisa, leteni kiapo cha wakili kwa kila mmoja. Kiapo ni karatasi ya stempu, mwandishi, wakili na muhuri wake, na nauli ya basi kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Mmoja wao hajui kusoma, anaweka dole gumba. Naye akaambiwa dole gumba linahitaji shahidi anayetambulika. Mwenyekiti wa kijiji, sarpanch, alikuwa amekaa pale pale na muhuri wake wa kijiji. Haukutosha.

Safari ya pili ilikuwa ushahidi wa anwani ya ofisi ya chama. Ofisi ni jiko la shangazi! Wanataka bili ya umeme pamoja na barua ya mwenye nyumba kwamba hana pingamizi. Bili ya umeme ina jina la babu. Babu amekufa. Hakuna aliyewahi kubadilisha jina, na nawaambia ukweli, ukizunguka vijiji vile nusu ya bili za umeme utakuta zina majina ya marehemu. Karani akasema basi leteni barua za warithi wote. Warithi wote! Baba yangu na baba mdogo wako Tanga, mwingine Nairobi, watoto wa aliyekufa wako Leicester na wawili kati yao hata hawasemeshani. Shangazi amekaa ndani ya nyumba ile miaka 19, analipa bili ile ile kila mara inapokuja, risiti zote anazo kwenye mfuko wa nailoni. Akamwonyesha. Karani hakuzitazama hata risiti. Akamwambia, "Ben, hapa tunataka karatasi, hatutaki historia."

Nilipiga simu siku ile jioni. Shangazi alikuwa kimya, halafu akasema, "Mwanangu, mimi sina nyumba, sina jina, na chakula nilichopika leo nani kakipika?" Sijalala vizuri wiki ile.

Kila ofisi ya namna hii haikosi mtu wake wa nje. Dalali wa makaratasi, ana meza yake chini ya mwarobaini, mashine ya kurudufu na kompyuta mpakato. Yeye alisema kazi yote, ya 1860 na ya 1950, rupia 25,000, na majina yatapita bila viapo, na bili ya umeme "itapatikana". Pigeni hesabu wenyewe. Rupia 880 mara siku 30 ni 26,400. Yaani jamaa anataka karibu chakula cha mwezi mzima cha wazee 22 apige muhuri ambao bei yake ya sheria haifiki hata bei ya gunia la vitunguu. Shangazi akakataa. Alisema pesa hizo ametoa mtu aliyekuwa na unga kilo kumi akagawa kilo tano, hawezi kumpa mtu wa chini ya mti. Tangu siku aliyokataa, faili likawa kila akienda halionekani.

Najua kuna wa kuja kusema India ina vyama hewa vingi, wajanja wanasajili chama chenye jina la wajane ili wapate ruzuku na viwanja. Kweli, wapo. Ila mimi nakwambia hao ndio wenye faili zilizonyooka! Tapeli ana wakili, ana mhasibu, bili yake ya umeme ina jina lake, warithi wake wote wanasaini. Makaratasi haya hayajamzuia tapeli hata mmoja. Yanamzuia mwanamke wa dole gumba anayekanda rotlo saa kumi alfajiri. Na Katiba yao, ibara ya 19, inasema raia ana haki ya kuunda chama.

Madhara yake si ya ofisini tu. Bila cheti na PAN ya chama, benki haifungui akaunti ya chama. Kwa hiyo michango inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kabatini kwa shangazi, na daftari juu yake. Miezi ya mwanzo hakuna aliyesema kitu. Ilipofika mwezi wa nane nikaanza kusikia maneno: mbona hawasajili, wanaficha nini, mbona kabati ana funguo yeye peke yake. Mwanamke aliyezeeka na heshima yake, leo anasomea watu daftari barazani kila Jumapili, rupia kwa rupia, ili asiitwe mwizi. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wakuu. Kuna watu wanne waliacha kuchangia kwa ajili ya maneno hayo.

Halafu mwezi wa 11 yule mwalimu akafariki. Alikuwa na miaka 78, moyo. Alikuwa mmoja wa wale saba, wakabaki sita, na sita si chama. Hati ikarudi mwanzo, sahihi zote upya, viapo vya majina upya kwa sababu tarehe zimepita. Kanuni alizoandika kwa mkono wake wakasema zichapwe upya maana jina lake lipo ukurasa wa mwisho. Shangazi aliomba zile kurasa 11 arudishiwe awape wajukuu wake. Hajarudishiwa mpaka leo.

Sasa mimi niliona nifanye la kwangu. Ndugu na marafiki wa Tanga tulichanga, tukasema tutume, waajiri angalau msaidizi mmoja wa jikoni. Hapo nikakutana na sheria ya michango ya kigeni. Ya kwanza waliitunga 1976, wakati wa hali ya hatari ya waziri mkuu Indira Gandhi, wakiogopa pesa za nje kwenye siasa. Ikaja ya 2010, ikakazwa tena Septemba 2020. Mtoto wa jirani anayefanya kazi Muscat mwenye pasipoti ya India, akituma akiba yake kwa njia ya benki, si mchango wa kigeni. Mimi, mjukuu wa mwenye ile bili ya umeme, kwa kuwa pasipoti yangu ni ya Tanzania, ni chanzo cha kigeni. India haikubali uraia wa nchi mbili, ila wametupa kadi ya OCI sisi wenye asili ya kwao, na kwa kadi hiyo naingia India bila viza siku yoyote. Mimi naruhusiwa kuingia, elfu kumi yangu ya unga hairuhusiwi.

Chama kikitaka kuipokea kinatakiwa kiwe na umri wa miaka mitatu, na kiwe kimetumia laki 15 za rupia kwenye kazi zake ndani ya miaka hiyo mitatu. Hiyo ni zaidi ya milioni 40 za Kitanzania. Nikachukua kikokotoo. Rupia 880 kwa siku, siku 365, miaka mitatu: laki 9, elfu 63 na mia sita. Yaani shangazi akilisha wazee 22 bila kukosa hata siku moja kwa miaka mitatu, Diwali na mvua za masika ya kule, bado ni mdogo mno kusaidiwa na watoto wa ndugu zake! Na miaka hiyo inahesabiwa kuanzia chama kiwe chama, ambacho bado si chama. Akishavuka hapo, akaunti ya kupokelea sharti iwe kwenye tawi moja tu, benki ya State Bank of India, tawi kuu la New Delhi. Mtu wa kijiji cha Gujarat. Ipo njia nyingine ya kuomba kibali cha mara moja kwa mchango mmoja na mtoaji mmoja, nayo inapitia wizara ya mambo ya ndani, na nayo inataka cheti cha usajili kwanza.

Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko lilipoipiga Gujarat, baba alikusanya pesa Tanga duka kwa duka. Nilikuwa mtoto, nakumbuka nilibeba mfuko. Kule kijijini wanawake walichimba meko uwanjani wakapika sufuria moja kubwa kwa wiki nzima, kila aliyekuja akala. Hakuna aliyeuliza chama kimesajiliwa wapi. Shangazi alikuwa mmoja wa waliopika.

Ninachoomba humu ni kimoja. Yeyote aliyewahi kutuma barua ya warithi kutoka Tanzania kwenda India kwa ajili ya nyumba yenye jina la marehemu, anisaidie. Ikishasainiwa kwa wakili hapa, inapita wizara kwanza au inaenda moja kwa moja ubalozini? Na huyo wa Leicester asiyetaka kusemeshwa, barua yake tunaweza kuiruka kwa kiapo cha waliobaki? Shangazi anarudi ofisini Alhamisi, safari ya tisa, na siku hiyo anapika saa tisa usiku ili wale 22 wasikose kula.