Naomba ushauri: fizi za mama na meno yanayocheza

Ndugu zangu, naishi na mama hapa Kayole, Nairobi. Fizi zake hutoka damu kila anapopiga mswaki, na meno mawili ya chini yameanza kucheza. Nimesoma kwamba nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa wa taya zina seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), zilizoelezwa na watafiti mwaka 2004, na kwamba uvimbe wa muda mrefu huzipunguzia uwezo wa kujenga mfupa. Kwa maoni yangu, basi, kutuliza uvimbe ndiko kutangulie. Je, aliyewahi kusafishwa ukoga chini ya ufizi, hasa mwenye kisukari kama mama, meno yake yalikaza tena? Na nimuulize daktari nini kabla hatujakubali yang'olewe?