Tupeane uzoefu: kosa ulilofanya ukitengeneza gari lako mwenyewe hadi ukaona aibu kusema

Mtoa mada, Kimara

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miaka mitatu, wanaolijua ni mke wangu na fundi mmoja tu. Nalisema leo kwa sababu juzi nilimkuta jirani yangu kalala chini ya Forester yake, spana mkononi, anaelekea kwenye nati ile ile niliyoifungua mimi. Nilimkimbilia. Kama nisingetoka nje muda ule, sijui.

Gari langu nalo lilikuwa Forester ya gia otomatiki. Ukilala chini ya gari hilo unakuta nati za kumwagia oili ni zaidi ya moja, zimefuatana. Ya mbele ni ya injini. Mimi nikafungua ya giaboksi. Ikatoka oili nyekundu iliyokolea, rangi ya juisi ya rozela iliyolala siku mbili. Rangi ile ilitosha kunisimamisha. Nikajiambia labda mwenye gari wa kwanza aliweka oili ya aina nyingine, nikaendelea. Nikafunga, nikabadilisha filta, nikamimina lita nne za oili mpya kwenye injini ambayo ilikuwa bado na oili yake. Kijiti cha kupimia kikatoka kimelowa mbali juu ya alama. Nikakifuta, nikapima tena, kikatoka vile vile. Nikasema oili haijashuka.

Kesho yake tulikuwa tunapeleka barua ya posa ya mdogo wangu, Kibaha. Ndani ya gari nina baba mdogo na shangazi wawili wamevaa sare. Tangu Mbezi gia zilikuwa zinachelewa kuingia. Kibamba, kwenye mlima, nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma na gari halisogei. Nyuma moshi mzito umefunika barabara, malori yanatupigia honi. Shangazi zangu wakashuka na mabegi yao, wakasimama kwenye vumbi. Baba mdogo akaniuliza, "Ulilipeleka kwa fundi?" Nikamjibu ndiyo, nimelipeleka. Giaboksi nilibadilisha, ikaisha. Lile jibu ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu alimlaumu fundi ambaye hakuwepo.

Fundi aliyekuja kutuvuta alichomoa kijiti cha gia, kikavu. Hakunisema. Aliniuliza polepole tu, "Oili uliyomwaga ilikuwa rangi gani?"

Kwa asiyejua: oili ikizidi kwenye injini, krankishafti, ile shafti kuu inayozunguka chini ndani ya injini, inaichapa hadi inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Nyingine inasukumwa kwenye oilisili, yaani mipira ya kuzuia oili isivuje, na kwenye njia ya hewa, inaungua, ndiyo ule moshi. Giaboksi nayo ya otomatiki inafanya kazi kwa msukumo wa oili. Ikipungua, gia zinateleza na zinajisaga. Sasa hivi, kabla sijafungua chochote napima kijiti. Nikishafungua nati na oili imetoka, napima tena. Kijiti kikisoma kuwa kumejaa, basi nimefungua pasipo, na hapo hakuna kilichoharibika bado.

Naomba na nyinyi mseme. Tajeni kosa, na tajeni dalili ya kwanza mliyoiona mkaipuuza. Hiyo dalili ndiyo itakayomwokoa mwingine.

Mwalimu, Dodoma

Asante kwa kuanza, mkuu. Mimi ni mama, gari ni IST, na nilijifunza kumwaga oili kwa kumwangalia marehemu baba. Nati nilifungua sahihi. Kosa langu lilikuwa kwenye filta.

Filta ya oili ina mpira wa duara mdomoni. Ukiifungua ya zamani, wakati mwingine mpira wake unabaki umeng'ang'ania kwenye injini. Ni mweusi, mahali penyewe ni peusi, hauonekani. Nikafunga filta mpya juu yake, mpira juu ya mpira. Nikawasha, nikasikiliza, injini imetulia. Nikazima, nikaenda kulala.

Asubuhi nikatoka kwenda shule. Mpira juu ya mpira unaweza kushika wakati injini iko pole, lakini ukipandisha mizunguko msukumo wa oili unauchomoa pembeni. Nilipofika getini mwa shule ikawaka ile taa nyekundu ya kibirika, ya oili. Nilizima papo hapo, namshukuru Mungu, maana dakika moja tu ya ubishi ningeua injini. Nikageuka nyuma: mstari mweusi umetoka barabarani hadi uwanja wa paredi, na wanafunzi wamejipanga mistarini wanautazama. Wiki nzima walikuwa wanaufuata mstari ule kwa miguu.

Dalili yangu: nilipofunga filta mpya ilikaza mapema kuliko kawaida. Baba alikuwa anapitisha kidole kwenye kiti cha filta kila mara, kukizungusha mara mbili, na mimi nilidhani anafuta uchafu. Kumbe alikuwa anautafuta mpira.

Mdau wa Likoni

Salaam aleikum. Langu ni la breki, na nalisema kwa uzito kwa sababu lingeua watu.

Mafuta ya breki yalikuwa yamepungua. Nyumbani nilikuwa na chupa ya haidroliki, ile ya kutia kwenye pawa steringi. Nikaona yote ni mafuta ya kusukuma, nikajaza. Siku mbili gari likaenda salama. Ya tatu, niko kwenye foleni ya feri, pedali ikaanza kuwa ngumu na kupanda juu. Nikiachia breki, magurudumu hayaachii. Zamu yangu ya kuingia ferini ikafika, gari limejifunga lenyewe. Nyuma yangu foleni yote imeziba, na mimi ndiye kizuizi. Magurudumu ya mbele yalikuwa moto hata huwezi kuweka mkono karibu.

Makanika alipofika hakushika gurudumu kwanza. Alifungua kifuniko cha chupa ya breki. Ule mpira wa ndani ya kifuniko ulikuwa umevimba kama andazi, alijaribu kuurudisha haukuingia tena. Akaniambia, "Mpira huu ukiwa hivi, na yote ya ndani iko hivi." Mafuta ya breki na haidroliki ni vitu viwili mbali. Haidroliki yatokana na mafuta ghafi ya petroliamu, na raba za breki hazikuumbwa kuistahimili, zinavimba. Zikivimba mle ndani zinaziba njia ya mafuta kurudi, breki zinabaki zimeshika. Nilibadilisha raba zote: za masta, ile pampu inayosukumwa na pedali, za magurudumu yote manne, na mipira ya kupitisha mafuta, na mabomba yakasafishwa. Kilichonigharimu hayo yote ni vijiko vichache vya mafuta yasiyo yake.

Dalili: kwenye kifuniko pameandikwa DOT 3, herufi zimechorwa kwenye plastiki. Nilizisoma. Sikujiuliza maana yake, kumbe ndiyo aina ya mafuta ya breki yanayotakiwa.

Mdau wa Arusha

La kwangu fupi. Corolla 110, nilichomoa waya zote nne za plagi kwa pamoja ili nisafishe. Kurudisha, nikazipanga kwa jinsi zilivyokaa, moja mbili tatu nne kutoka kwenye distributa, ile inayogawa moto kwa plagi. Silinda za injini hiyo zinachoma kwa zamu ya 1-3-4-2. Kupiga starta, ikalia kama bunduki kwenye ekzosi, majirani wakatoka nje, na mzee mmoja alikuwa na shinikizo la damu akalazimika kuketi chini. Nilienda kumwomba radhi jioni. Chomoeni waya moja, safisheni, rudisheni, ndipo mwende kwenye nyingine.

Baba wa wawili, Mbeya

Nimesoma yote nikawa nasita. Langu halina mchezo hata kidogo.

Nilikuwa nabadilisha bushi. Gari juu ya jeki ile inayokuja nayo, uwanja wa udongo, asubuhi baada ya mvua. Kwa usalama nikaweka tofali la saruji chini ya bodi. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ananipa spana, anazijua kwa namba. Nikakosa spana ya 14, nikatoka chini kwenda ndani kuitafuta, naye akanifuata. Tukiwa mlangoni tukasikia kishindo. Jeki ilikuwa imezama upande mmoja na kulala, gari likashukia tofali, tofali likapasuka vipande kama biskuti. Diski ilikuwa imechimba udongo pale pale nilipokuwa nimelaza kichwa.

Mtoto akasema, "Baba, spana ya 14 hii hapa." Alikuwa nayo mfukoni muda wote.

Sikumwambia mama yake kwa mwezi mzima. Jamani, tofali la saruji ni la kujengea ukuta, likibebeshwa uzito sehemu moja linakatika bila kutoa onyo. Kama huna stendi za chuma, weka gogo pana la mti mgumu, na gurudumu ulilofungua lilaze chini ya bodi. Chini ya jeki weka ubao mnene. Magurudumu yaliyobaki chini yawekee vizuizi. Dalili yangu ilikuwa jeki kuinama kidogo sana, kama mtu anayesinzia. Niliiona nikasema nitamaliza haraka.

Mtoa mada

Mkuu wa Mbeya, nimekaa kimya hapa. Pole sana. Mwambie huyo mtoto namsalimia.

Mchangiaji, Tabata

Samahanini, lakini mnaonaje gari likaenda kwa fundi tu? Kila mtu na kazi yake.

Mwalimu, Dodoma

Ndugu, kwa breki na giaboksi nakubaliana nawe. Lakini oili na filta ni kazi ya nusu saa, na mtu anayejua kilicho ndani ya gari lake hata gerejini anaongea na fundi vizuri. Tusiache kujifunza, tujifunze kwa kuulizana.

Kijana, Morogoro

Wakuu, mimi nina swali, na linanitia aibu kidogo. Jumamosi nimefunga kalipa za mbele, vile vibano vya breki, zilizotumika, nilinunua Dar pale Gerezani. Nimetoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye breki, mara tano, nimemaliza chupa mbili za mafuta ya breki, sahihi, DOT 3. Pedali bado inazama hadi chini. Ukiipampu inapanda, ukisubiri inazama tena. Mafuta hayavuji popote. Nifanyeje?

Mdau wa Likoni

Kwanza usilitoe gari nyumbani hata hatua moja. Pili, nenda ukaangalie ile nipeli ya kutolea upepo, yenye kofia ndogo ya mpira. Iko upande wa juu wa kalipa au wa chini?

Kijana, Morogoro

Chini. Zote mbili.

Mdau wa Likoni

Basi umefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida, ndiyo maana hukushtuka. Hewa hupanda juu siku zote. Nipeli ikiwa chini unatoa mafuta tu, hewa imekaa juu imetulia, hata umalize chupa kumi. Zibadilishe upande. Nipeli lazima iwe juu.

Mtoa mada

Na jeki, kijana. Soma ya Mbeya kwanza ndipo uinue.

Kijana, Morogoro

Nimerudi. Nimetumia gogo la mwembe na magurudumu chini ya bodi. Kalipa nimezibadilisha. Mdogo wangu anakanyaga ndani, mimi nafungua nipeli huku nje. Upande wa kushoto yametoka mapovu marefu, yakawa madogo, sasa yanakuja mafuta matupu. Anasema pedali imeanza kugoma katikati. Naenda upande wa kulia.