Permi ya shaba iko, lakini juu ya udongo hawana ruhusa: niweke franga?

mutoto_wa_katuba:
Bandugu jambo. Yaya ananisukuma tuingize franga mu mradi wa shaba upande wa Kambove, jina la sosiete sitalitaja. Banatuonyesha permi ya utafiti, karé 12 (vile viraba bya kupimia permi), yaani inapita hekta 1,000, na karte ya rangi muzuri kabisa. Sasa pale chini kuna maandishi madogo, ruhusa ya kuingia juu ya udongo banayo kwa kipande kimoja tu pembeni ya barabara, ingine yote ni mihogo na mahindi na kijiji katikati. Niliuliza, banajibu "permi tunayo, ile ni mambo ya karatasi". Ni kweli??

papa_likasi:
Hapana mutoto wangu. Permi inakupa haki ya kutafuta mali iliyo chini, haikupi shamba la mama wa watu. Code ya mines (sheria ya madini) ya Kongo ya 2002, ile ilitengenezwa tena 2018, inasema bila mwenyewe kukubali huingii karibu kupita mita 180 toka kwa nyumba, na mita 45 toka kwa shamba lililolimwa. Chukua ile karte, zungushia kijiji hizo mita uone kinachobaki. Halafu ni permi ya UTAFITI, miaka 5, inaongezwa mara moja tu. Kuchimba na kuuza kunaomba permi ingine.

kolwezi_sondaje:
Papa, pole kidogo. Wakati wa kutoboa hauhitaji hekta zote, mashine inasimama mahali padogo, ukimaliza unamlipa mwenye mahindi yaliyokanyagwa unasogea. Kuanza na kipande si wizi, wengi banaanza vile. Mimi naangalia kama hicho kipande njo kiko juu ya shaba ao barabara tu njo ilikuwa rahisi.

mama_kipushi:
Na kiwanda bataweka wapi, na bwawa la taka? Hapo njo franga zinakwama. Kuhamisha kijiji si kusaini na shefu peke yake, kila mwenye shamba analipwa. Uliza nani analipa, mumehesabu ngapi. Na namba ya permi upeleke CAMI, ile ofisi ya serikali inaandika permi za mines, bakuambie ni ya nani.

mutoto_wa_katuba:
Aksanti. Nimeangalia tena, matundu yote ya sondaje (pa kutoboa) bamechora katikati ya kijiji, pembeni hakuna hata moja 😅 Yaya amesoma hii yote, amenyamaza, ila anataka namba ya permi.