Tunapinga makaa ya mawe, bamama banafikiri tunapinga makala yabo ya kupikia. Tufanye nini?

Kijana_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Tuko vijana 9 mu Katuba hapa Lubumbashi, tulianza kakikundi ka kusemea umeme safi, juu kila siku tunasikia batu banaongea eti kuran (umeme) haitoshi, migodi inakula yote, njo heri bachimbe makaa ya mawe ya kule Luena bajenge sentrali ya moto, ni kusema kiwanda ya kutosha umeme mu makaa. Kama kuko mutu mwenye hiyo projet kwa kweli mi sijaona karatasi yake, bado ni maneno ya ku baa, lakini tulisema tusingoje chimini mpya isimame njo tuanze kulia. Chimini siye tunazijua, ile ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, unaiona popote uko mu muji.

Basi siku ya mposho (Jumamosi) tukaita mukutano wa kwanza, bakakuja batu kama 40 hivi. Mwenzangu akasimama na nguvu yote: "Tunakataa makala! Makala inaharibu hewa!" Yarabi. Hakumaliza. Kumbe nusu ya bamama benye kukaa pale banauzisha makala ya kupikia ku soko ya Kenya, ile komine ya hapa Lubumbashi. Mumoja akamuuliza tu: mwanangu, kwenu bukari (ugali) munakula mubichi? Batu bote bakacheka, mukutano ukaishia pale, na yule mama mpaka leo ananipita ku njia bila kunisalimia.

Sasa nauliza, nasikia kule Lamu batu bakawaida balishinda sentrali ya makaa. Balianza namna gani? Na hii neno makala tufanye nayo nini?

mtoto_wa_Amu

Pole ndugu, nimecheka lakini pole. Hata huku makaa ni yote mawili, ya mawe na ya jikoni, na kuna bibi yangu mmoja aliniuliza kwani seredani yake imemkosea nani.

Ila ujue ule mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku kwetu Lamu, haukuangushwa na maandamano peke yake, uliangushwa na karatasi. Ulikuwa wa megawati 1,050, makaa yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini, tena jirani na mji wa kale ambao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Leseni ya mazingira ikatolewa 2016. Save Lamu, kikundi cha wananchi wa huku, na wenzao wakaipeleka kwenye baraza la rufaa la mazingira, wakangoja, wakangoja tena, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Yaani hoja iliyouma zaidi haikuwa "makaa ni mabaya", ilikuwa "hamkutuuliza". Hiyo mvuvi anaielewa, hakimu anaielewa, hata asiyejua hewa ukaa ni nini anaielewa.

Halafu wakafuata wenye pesa. Mwaka huohuo 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haiutii pesa, 2020 benki ya ICBC ya China nayo ikatoka. Mradi usio na leseni wala mkopo ni mchoro tu.

Na kila mtu aliongea lake. Mvuvi hakuongea habari za barafu za mbali, aliongea maji ya moto yatakayomwagwa baharini na samaki watakwenda wapi. Tena ilisaidia kuwa Kenya tayari ina umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria na wa upepo wa Turkana megawati 310, ukiambiwa "sasa mnataka giza?" una cha kuonyesha.

fundi_kuran

Mi ni fundi wa umeme hapa Lushi miaka mingi, niruhusu nikukosoe kidogo mwana. Munapiga kampeni ya kubadilisha kitu chenye hamuna. Kuran ya Katanga ni ya maji. Sentrali ya Mwadingusha inazunguka na maji ya muto Lufira tangu 1930, Nzilo na Nseke ni za miaka ya 50, na ile laini ndefu ya umeme kutoka sentrali ya maji ya Inga inafika Kolwezi tangu 1982, karibu kilomita 1,700. Makaa ya mawe ya Luena yenyewe ni hadisi ya zamani, ya wakati wa babelge. Kwa hiyo mutu akisema "tujenge ya makaa" jibu si hewa ya dunia, jibu ni: hii ya maji inaenda wapi? Juu mitambo imezeeka, na kampuni za migodi zenyewe zinanunua kuran ya nje, hasa Zambia, na Zambia nayo kule Maamba beko na sentrali ya makaa ya mawe ya megawati 300. 2024 ukame uliposhusha sana maji ya ziwa Kariba, yenye kuzungusha kuran yabo bakalala giza beye bakwanza. Ile muangalie vizuri, makaa yanaweza kuingia kwetu kupitia waya bila chimini moja kuonekana.

Ingine: musidanganye bamama na paneli za jua. Paneli ya wati 100 itakuwashia taa, simu, redio. Reshaud (jiko) moja tu ya kuran inaomba wati 1,000 na zaidi. Bukari haiivi na taa. Kama munataka kuongea makala ya jikoni, ongeeni mbabula (jiko ya makala) yenye kukula makala kidogo, na ile miti ya pori ya miombo yenye kukatwa juu ya makala, juu mimi nakumbuka vélo (baiskeli) za makala zikitoka karibu hapa tu ku njia ya Kasenga, leo muulize mwenye vélo ametoka kilomita ngapi. Lakini ile ni kampeni ingine, musichanganye.

Mwana_wa_Ruashi_JHB

Fundi amesema kweli. Mi niko Afrika Kusini, huku sehemu kubwa ya umeme ni ya makaa ya mawe. Walifunga sentrali ya Komati mwezi wa 10 2022, na mpaka leo watu wa pale wanalalamika kazi zilienda wapi, moshi ulipungua lakini meza nayo ikapungua. Kwa hiyo yule mama aliyewauliza habari ya bukari si adui, amewauliza swali lenye Komati walichelewa kuuliza.

mwanasheria_mdogo

Kongo nayo eko na karatasi zake. Sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ya mazingira inasema projet kubwa lazima ifanyiwe etide (uchunguzi) ya mazingira kwanza, na kuwe ankete, ni kusema watu waulizwe maoni. Kwa hiyo musingoje: siku mukisikia jina la projet, andikeni barua, ombeni etide, tunzeni kopi yenye cachet (muhuri) ya kuipokea. Maneno ya mudomo hakuna atakayeyakumbuka. Na sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungulia batu binafsi kutengeneza na kuuzisha kuran, kwa hiyo hata kartie inaweza kuuliza ya jua, ya maji madogo, si kungoja tu.

Kijana_Katuba

Aksanti sana bote, fundi umetupiga lakini vizuri. Tumeamua neno "makala" litoke kabisa, tutasema "mawe ya Luena", na kichwa cha barua kitakuwa ile swali ya fundi, kuran ya maji inaenda wapi. Jana nilienda kwa yule mama na kamufuko ka mchele, nikamuomba afungue mukutano yeye mwenyewe siku ya mposho. Amekubali. Ila amesema mwenzangu asishike mikro.