Nyimbo mpya au zilizozoeleka ibadani? Naomba ushauri

SifaTukuyu: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Timu ya sifa hapa Tukuyu, ibada ya kwanza, waumini kama 200, nafasi ya nyimbo nne kabla ya neno. Vijana wanataka mpya, wazee wanataka tenzi za kitabuni. Ukiingia wimbo mpya, kanisa linanyamaza, timu inabaki inaimba peke yake. Tugawe vipi?

MwlSolfa: Mtumishi, mpya uwe mmoja tu kati ya hizo nne, na uwekeni wa pili. Wa kwanza unaamsha watu, wa mwisho unawaingiza kwenye maombi. Hapo mtu asiwe anatafuta maneno. Kosa kubwa ni kuuimba Jumapili moja na kuutupa. Jumapili ya kwanza kwaya iuimbe, watu wasikilize. Ya pili, waumini wapokee kiitikio tu. Ya tatu na ya nne waimbe wote, beti mbili zinatosha. Upumzisheni wiki mbili, kisha urudisheni. Wakiupokea bila kuvutwa, umeshaingia. Kwa mwendo huo mtapata nyimbo nane hivi kwa mwaka, na hizo si chache.

AltoNjombe: Kabla ya kuwalaumu wazee, angalieni ufunguo, yaani kimo cha sauti mnachoimbia wimbo. Nyimbo za albamu hurekodiwa kwa sauti ya mwimbaji mmoja mwenye koo la mazoezi. Waumini wa kawaida wako huru kati ya noti A ya chini na D ya juu. Noti ya juu kabisa ikiwa F, shusheni nusu toni tatu (nusu toni ni hatua moja hadi kitufe cha jirani kwenye kibodi): do, noti ya msingi ya wimbo, ikiwa G, ihamie E. Juni na Julai, kwa baridi yetu ya asubuhi, ongezeni nusu toni moja ya kushusha. Mpiga kibodi akitumia kitufe cha kuhamisha ufunguo, akirudishe sifuri wimbo ukiisha. Akisahau, wimbo unaofuata unaanzia shimoni na besi hawasikiki kabisa.

MzeeWaMapambio: Kijana wangu, pimeni na maneno, hasa ya nyimbo zilizotafsiriwa. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua neno "Mkombozi": nguvu iko kwenye -mbo-. Tuni ikiipitisha -mbo- haraka na kuivuta -zi mapigo matatu, nusu ya kanisa watavuta -mbo- kwa mazoea ya ulimi, na hapo hapo mnaachana. Someni ubeti kwa sauti huku mkipiga makofi ya wimbo. Kofi likiangukia silabi isiyo yake, wimbo huo waachieni kwaya, hata kama vijana wanaupenda namna gani.

SifaTukuyu: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Asanteni wote. Na Machi na Aprili, mvua ikipiga bati hata spika hazisikiki?

MwlSolfa: Miezi hiyo msifundishe kipya. Wimbo mgeni mtu anaushika kwa sikio, na sikio limejaa bati. Wa zamani unamtoka kichwani. Vijana wape kazi nyingine: wachague pambio fupi la ufunguo ule ule, walifungie mwisho wa tenzi bila kusimamisha ala.

AltoNjombe: Chapeni na karatasi, moja kwa watu wawili. Umeme ukikatika, projekta inazimika na wimbo mpya unafia ubeti wa pili. Ukiwepo, wekeni mistari minne kwa ukurasa, na anayebadilisha abonyeze neno la mwisho likianza kuimbwa, asingoje liishe.

MzeeWaMapambio: Marahaba. Na karatasi hizo wapeni Jumapili ile ya kwanza, kwaya ikiimba, wawe wanafuata kwa macho.