Kaweka mfupa wa mbuzi juu ya pleti namba yangu, mbele ya watu wote!!!

Wakuu, mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye nyama choma ya jumuiya, pale bustanini kusini magharibi mwa Houston. Hata viatu sijavua. Mtu mwenyewe simtaji, mnamjua. Yule anayeshika maiki hata kwenye msiba usiomhusu, anakuja na makopo matatu matupu na kuondoka nayo yamejaa mpaka mfuniko unagoma. Huyo huyo.

AMEWEKA MFUPA JUU YA PLETI NAMBA YANGU.

Mfupa wa mbuzi aliomaliza kuutafuna yeye! Kaufyonza mpaka uroto ukaisha, kainuka na sahani mkononi, kapita watu wote mpaka kwenye gari langu, kauegesha kati ya bampa na kibao cha namba. Halafu kageuka na sauti ile ya kwenye maiki: "Mama Paka, haya mlishe mwenzio, si ndiyo unayoilipia?" Kicheko kilisikika mpaka mji wa Galveston. Kuna mzee alicheka mpaka akatafutiwa kiti, na mke wa huyo mzee akamfungulia maji.

Kisa ni nini? Nilipolipia gari juzi nilichagua namba za Animal Friendly, zile maalumu za wapenda wanyama. Hicho tu. Sheria ya Texas inaruhusu: unaongeza dola 30 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, 22 kati ya hizo zinaingia kwenye mfuko maalumu ulio chini ya idara ya afya ya jimbo, na mfuko unatoa ruzuku ili mbwa na paka wa wananchi wa kawaida wahasiwe bure au kwa pesa kidogo. Basi. Hakuna senti ya kumnunulia paka nyama! Sasa mfupa wa nini?

Mimi nalipa kwa sababu nimeona. Agosti iliyopita, joto lile la kukaanga yai kwenye lami, nilisikia sauti ndani ya injini ya gari la jirani. Tulifungua boneti, nikatoa vitoto vitano vya paka kwa mikono hii. Vitatu vilikuwa hai. Mama yao anazaa chini ya ngazi za jengo letu kila baada ya miezi michache, na jirani mwenye paka huyo hana pesa ya daktari wa mifugo. Huyo ndiye mtu ambaye mfuko ule umewekwa kwa ajili yake.

Mnajua mafuta ya mbuzi yakipoa yanavyoganda? Yameganda meupe kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya tatu, na kipande cha kitunguu cha kachumbari kimenasa kwenye skrubu. Nimefuta kwa mtandio wangu, mbele yao, nimepiga magoti kwenye changarawe. Mtu mzima! Mbele ya wakwe za watu!

Mfupa, jamani. Juu ya namba.

Kisura wa Kilwa: Pole sana dada yangu. Mimi alinitangaza kwenye sendofu ya binti yangu nimechanga kiasi gani. Kwenye maiki. Na akapunguza dola mia.

Ng'ombe Hazeeki: Bora wewe ulitangazwa. Mimi namdai jiko la mkaa tangu Pasaka. Nikimpigia anasema yuko kwenye mkutano. Jumapili usiku, mkutano wa nani?

Mzee wa Betri: Mleta uzi weka picha. Bila picha hii ni chai.

Mleta uzi: Picha ninazo ila namba zinaonekana, siweki. Na mfupa wenyewe ninao, nimeufunga kwenye foili, uko kwenye friza. Kikao cha jumuiya kijacho naupeleka mezani.

Mzee wa Betri: Umeugandisha?? 😂😂😂 Dada, jamaa kakupa supu unalalamika.

Kobe wa Dallas: Kwani lazima ulipe? Dola 30 kwa paka wa Wazungu na nyumbani kuna watoto wanakaa chini darasani. Alikosea namna, ila hoja anayo.

Mleta uzi: Paka wa Mzungu yupi? Jirani mwenye paka niliyemtaja anatoka Goma! Na madawati nachangia, risiti ninazo. Yeye alichangia nini zaidi ya mfupa?

Binti Lindi: Kobe, wewe wa Dallas ndiye wa kusema hivyo? 2016 mwanamke aliuawa na mbwa wanaozurura hapo hapo kusini mwa mji wenu. Mbwa wasiohasiwa ndio wanaozaa hao wa kuzurura. Lipa hizo 30 na wewe.

Kobe wa Dallas: Mimi nalipa tozo za barabara kuu mpaka nimepauka. Wiki hii nimeletewa bili ya gari nililouza mwaka juzi. Anzisheni uzi wa hilo.

Ng'ombe Hazeeki: Uliuza gari na namba zake? Bora ungezing'oa, mkuu.

Kobe wa Dallas: Nilimwamini mnunuzi. Alikuwa mtu wa kanisani.

Mgeni wa Sacramento: Sisi huku California namba za wapenda wanyama picha yake kaichora Pierce Brosnan, yule wa James Bond. Kuweka mfupa pale ni kumwekea James Bond mfupa. Asingethubutu.

Fundi Magomeni: Nyie mnalalamikia dola 30? Bongo bajeti ya 2016 ilipandisha namba yenye jina lako kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Hiyo pesa mimi nachimba msingi wa nyumba, kisha nalibandika jina ukutani bure.

Mleta uzi: Namba yangu haina jina! Ina mfupa! Nani kati yenu alikuwepo aseme ukweli?

Mutoto wa Uvira: Miye nilikuwa pale. Lakini ile mbuzi haikuiva, tuseme ukweli. Nani alichoma?

Kisura wa Kilwa: Si huyo huyo! Kasimamia jiko kuanzia saa nne, anageuza nyama kama chapati, hataki kusaidiwa.

Ng'ombe Hazeeki: NGOJA. Jiko lilikuwa la rangi gani?

Mutoto wa Uvira: La bluu. Mupini mumoja umevunjika.

Ng'ombe Hazeeki: Hilo ni langu!!! Ule mpini niliuvunja mimi!!!

Mleta uzi: Jamani. Mfupa. Juu ya pleti namba.

Binti Lindi: Ila pilipili ilikuwa tamu, ile ya embe. Nani aliileta?

Mutoto wa Uvira: Shemeji yangu. Chupa dola 6, anapeleka mpaka mji wa Katy.

Mzee wa Betri: Niwekee mbili.