Ulinganisho: MFI, densiti na majivu, au maabara ya nje kwa malighafi ya mabomba ya HDPE?

Mzani_Dar

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe njia tatu za kupima malighafi kabla haijamiminwa kwenye mashine. Kiwanda chetu kipo Dar es Salaam, kina ekstruda mbili (mashine zinazoyeyusha plastiki na kuisukuma itoke ikiwa bomba), na tunatengeneza mabomba meusi ya maji ya HDPE, yaani polithini ngumu, kuanzia milimita 20 hadi 110. Malighafi tunaipokea ikiwa chembe nyeusi zilizokwisha kuchanganywa na kaboni, katika mifuko ya kilo 25, na hadi leo tumekuwa tukitegemea cheti cha msambazaji na jicho la msimamizi wa zamu. Utaratibu huo tuliuona unatosha mpaka mteja alipoturudishia rola ya bomba la milimita 32 lililopasuka kwa urefu fundi alipokuwa akilikunja mtaroni, nasi hatukuwa na hata kiganja cha chembe za akiba za kuchunguza.

Njia ya kwanza ni kununua mashine ya MFI, ile inayopima plastiki iliyoyeyuka inatiririka kiasi gani kwa dakika 10. Ya pili ni kununua mzani mzuri na tanuri dogo, tupime densiti, yaani uzito kwa ujazo, na majivu, yaani kinachobaki plastiki ikichomwa. Ya tatu ni kupeleka sampuli ya kila bechi kwenye maabara ya nje na kusubiri majibu. Bajeti ya mwaka huu haiwezi kubeba mbili kubwa kwa pamoja, kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kufanya kazi hizi kwa mikono yao.

MkemiaWaMadumu

Mkuu Mzani_Dar, mimi nipo Mombasa kwenye kiwanda cha madumu, na kwa miaka yote niliyokaa maabara nimeona kuwa MFI ndiyo inayokuambia kwa haraka kama kilichomo mfukoni ni daraja la plastiki uliloagiza au la. Malighafi ya bomba ni nzito sana inapoyeyuka. Kiwango cha ISO 4427, ambacho ni cha kimataifa cha mabomba ya maji ya polithini, kinaitaka iwe kati ya gramu 0.2 na 1.4 kwa dakika 10, ikipimwa kwa nyuzi 190 na uzito wa kilo 5 juu ya pistoni, ilhali plastiki ya ndoo na masufuria ya kuchezea watoto hutiririka mara nyingi zaidi ya hapo. Mtu akikuchanganyia ile ya ndoo, utaijua ndani ya saa moja.

Ila usidhani ukinunua mashine kazi imekwisha. Chukua malighafi yenye MFI ya 0.25: ukikata kila baada ya dakika 2, kipande kinachodondoka kina gramu 0.05 tu, karibu uzito wa punje mbili za mchele. Ukikiweka kwenye mzani unaosoma hadi gramu 0.01, hatua moja ya mzani ni sehemu ya tano ya kipimo chako chote, kwa hiyo namba utakayoandika haina maana yoyote. Lazima uwe na mzani unaosoma hadi gramu 0.001 au chini zaidi. Silinda nayo isafishwe ikiwa bado ya moto, kwa kitambaa cha pamba kilichokazwa kwenye fimbo, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia, na kile kitundu cha milimita 2.095 ambamo plastiki hutokea kipitishiwe kipimio chake mara kwa mara, kwa sababu kikitanuka kidogo tu kila bechi itaonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Jambo jingine linalowakosesha wengi ni kulinganisha namba zisizolingana. Cheti kisichotaja kilo zilizokuwa juu ya pistoni, kama ni 2.16, 5 au 21.6, hakiwezi kulinganishwa na kipimo chako hata kidogo.

ZamuYaUsiku

Namheshimu mchangiaji aliyetangulia, lakini naomba nieleze kilichotupata sisi Arusha, maana tulikuwa na MFI na bado tuliumia. Tulipokea chembe nyeusi ambazo MFI yake ilikuwa ndani ya mipaka, tukaziingiza mashineni, na zamu nzima bomba lilitoka likiwa na sura nzuri. Aliyegundua tatizo ni kijana wa mzani kule mwisho wa laini, ambaye aliona uzito wa kila mita umepanda ingawa unene wa ukuta haukubadilika. Tulipochoma sampuli ikabaki tabaka ya unga mweupe: ilikuwa kalsiamu kaboneti, yaani unga wa chaki, uliochanganywa ili kupunguza gharama ya plastiki. Sisi tunanunua kwa kilo na tunauza kwa mita, kwa hiyo hasara ilituingia mara mbili, kwenye malighafi na kwenye ubora, kwa kuwa bomba lenye chaki nyingi huwa kavu na halivumilii kukunjwa.

Hesabu yake ni rahisi na ningependa kila msimamizi wa zamu aijue. Chembe nyeusi za bomba zina densiti ya karibu gramu 0.96 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo huelea majini. Chaki ina densiti ya 2.7. Ukichanganya chaki asilimia 10 kwa uzito, densiti ya mchanganyiko inafika takriban 1.03, na chembe huzama. Kwa hiyo jagi la maji safi lenye tone moja la sabuni, ili mapovu ya hewa yasing'ang'anie chembe, linaweza kukuokoa hata kabla hujanunua kifaa chochote. Lakini tahadhari: chaki ikiwa asilimia 5 tu, densiti inakuwa karibu 0.99 na chembe bado zinaelea. Hapo jagi halikusaidii, na ndiyo maana nasema tanuri ni la lazima. Gramu 5 za chembe kwenye kikombe cha kauri, zichomwe taratibu kwanza ndani ya sehemu yenye mfumo wa kutoa moshi, kisha tanurini kwa nyuzi 600, halafu pima kinachobaki. Malighafi safi ya bomba huacha mabaki kidogo mno; yenye chaki asilimia 5 itakuachia karibu gramu 0.25, na hizo unaziona kwa macho.

Kama ningekuwa na fedha ya kifaa kimoja, ningeanza na mzani na tanuri.

Maabara_NBO

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na nadhani mnajibu maswali mawili tofauti. MFI inauliza kama minyororo ya molekuli za plastiki ina urefu unaotakiwa. Majivu na densiti zinauliza kama kuna kitu kigeni. Kuna swali la tatu ambalo hakuna kati ya hizo mbili inayoligusa, nalo ni kama bomba litadumu. PE100, daraja la polithini ya mabomba, ina jina hilo kwa sababu inatarajiwa kustahimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50 katika nyuzi 20, na uhai huo unategemea kemikali za kuzuia uoksidishaji, ambazo hupungua kila plastiki inapoyeyushwa. Malighafi iliyorejelezwa inaweza kuwa na MFI nzuri na majivu machache, na bado kemikali hizo zikawa zimekwisha. Kipimo chake hufanywa kwa kuiweka sampuli ndogo kwenye oksijeni kwa nyuzi 200 na kuhesabu dakika kabla haijaanza kuungua. Kiwango kinataka zisipungue 20. Kifaa chake ni cha gharama kubwa, na kwa kiwanda cha ekstruda mbili sishauri kukinunua.

Vivyo hivyo kipimo cha presha ya maji. Bomba la PE100 hujazwa maji, huwekwa kwenye nyuzi 80 na kubanwa kwa mkazo wa megapaskali 5.4 kwa saa 165, ambazo ni siku 6 na saa 21. Huwezi kushikilia kila bechi ghalani kwa wiki nzima. Hapa ndipo maabara ya nje ina nafasi yake, iwe ya TBS (shirika la viwango la Tanzania) pale Ubungo, ya KEBS (lile la Kenya) hapa kwetu Nairobi, au maabara binafsi yenye ithibati: msambazaji mpya, daraja jipya la malighafi, au shaka iliyotokana na vipimo vyenu wenyewe. Kutuma kila bechi nje ni kupoteza fedha na muda, kwa sababu majibu yatarudi wakati bomba limeshafukiwa.

Kuhusu MFI naongeza faida moja ambayo haijatajwa. Pima chembe, kisha pima kipande cha bomba lililotokana nazo. Tofauti isizidi asilimia 20. Ikizidi, tatizo haliko kwa msambazaji, liko kwenye joto la ekstruda yako au plastiki inakaa humo muda mrefu kupita kiasi. Na msishangae mkiona MFI ya HDPE imeshuka badala ya kupanda: polipropilini, aina nyingine ya plastiki, ikichoka minyororo yake hukatika na MFI hupanda, lakini baadhi ya HDPE huungana minyororo kwa minyororo na MFI hushuka. Zote mbili ni dalili ya uharibifu.

MkemiaWaMadumu

Nakubali hoja ya chaki, Mkuu ZamuYaUsiku, na nimejifunza kwenye hesabu ya asilimia 5. Nawakumbusha tu kwamba jagi la maji haliwezi kuonyesha polipropilini iliyochanganywa, kwa kuwa densiti yake ni karibu 0.90 nayo inaelea, wala majivu hayatailaumu. Pia chembe zenye matundu ya hewa ndani, ambazo ni za kawaida kwenye malighafi iliyorejelezwa vibaya, huelea hata zikiwa na chaki. Kata chembe chache kwa wembe uzitazame.

DadaWaGhala

Naomba na sisi wa ghala tusikike, kwa sababu vipimo vyote hivi vinaanza mkononi mwetu. Katika shehena moja tuliyowahi kupokea, cheti kilikuwa kimoja chenye namba moja ya bechi, lakini tulipogeuza mifuko tukakuta namba tatu. Maabara ilikuwa imepima mfuko wa kwanza uliokuwa mlangoni mwa kontena na kuupitisha mzigo wote. Tangu siku hiyo tunatenganisha kwanza kwa namba ya bechi, ndipo tunachukua sampuli. Kwa bechi ya mifuko 400 tunafungua 21, ya juu, ya kati na ya chini ya paleti ya mbao. Kilo moja ya kila bechi tunaifunga, tunaiandika tarehe na namba, na tunaihifadhi mpaka muda wa dhamana kwa mteja uishe. Hili halihitaji bajeti, Kaka Mzani_Dar, na kwa maelezo yako ndilo lililokukosesha ushahidi.

Mzani_Dar

Nawashukuru sana. Dada, umenigusa penyewe, na kabati la sampuli limeanza leo.

Baada ya kusoma maelezo ya Arusha nilikwenda kwenye ile rola iliyorudishwa, nikakata kipande cha urefu wa sentimita 2, nikakisafisha na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji yenye sabuni. Kilizama moja kwa moja. Kipande cha bomba lililotengenezwa wiki hii kilielea. Mkurugenzi alikuwa amesimama pembeni, na mazungumzo ya bajeti yakawa mafupi kuliko nilivyotarajia. Tumeamua kuanza na mzani wa gramu 0.001 pamoja na tanuri, kwa kuwa mzani huo huo utahitajika MFI itakapokuja katika bajeti ijayo, na maabara ya nje itatumika kwa kila msambazaji mpya kabla ya oda ya kwanza.

Nimebaki na swali moja. Malighafi yetu ina kaboni nyeusi ya asilimia 2 hadi 2.5. Je, haitahesabiwa kama majivu na kunidanganya?

ZamuYaUsiku

Haitakudanganya ukichoma mahali penye hewa, Mkuu, kwa sababu kaboni yenyewe huungua yote kwa nyuzi 600. Ukitaka kuipima kaboni ndipo unahitaji tanuri linalopitisha naitrojeni. Angalia rangi ya mabaki: yakiwa bado ya kijivu au yana madoa meusi, rudisha kikombe tanurini kwa nusu saa, kiache kipoe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, upime tena, na urudie hivyo mpaka vipimo viwili vilivyofuatana vilingane.